Gari la kulala linavuja? Nilivyohudumiwa na mafundi wa boti hapa Malindi

Kama una gari la kulala, lile lenye kitanda na sinki na jiko ndani, na linaingia maji, na uko Malindi au Watamu au hata Mambrui, usikimbilie gereji kwanza. Nenda kwa mafundi wa boti wale wanaofanyia kazi ufukweni upande wa jeti, pale mashua zinapopandishwa mchangani kutengenezwa. Mimi nimetoka huko wiki kadhaa sasa na nawapa nyota 4 kati ya 5, na ile moja niliyoikata ntaeleza kwa nini nimeikata.

Gari letu ni Toyota Coaster, zamani lilikuwa linabeba wanafunzi. Mume wangu aling'oa viti vyote akapiga plaiwudi ndani, akaweka kitanda nyuma, sinki ubavuni, tangi la maji la lita 80 chini ya benchi na pampu ndogo ya volti 12 ya kusukuma maji, alafu juu akatoboa paa akatia kile kidirisha cha hewa cha plastiki. Tunalitumia sisi wenyewe tukienda kwa jamaa au Tsavo kupitia geti la Sala, na msimu wa wageni tunalikodisha, kwa hivyo kwetu hili gari ni nyumba na pia ni riziki, likiharibika tunaumia mara mbili.

Mwezi wa tano tulienda Amu, yaani Lamu mjini, kumuona mama mkwe. Anayeijua ile safari anajua gari linaishia Mokowe, unaliacha pale unapanda boti kuvuka. Tukaliacha siku 4, na mvua ya mwaka, ile ya masika, ilikuwa inapiga usiku na mchana. Tunarudi, nafungua mlango, harufu ya ukungu ikanipiga usoni. Godoro limelowa upande wa kichwani, plaiwudi ya silingi imefanya alama ya kahawia kama chai iliyomwagika, na chini ya sinki sakafu imefura mpaka kabati halifungi. Mwanangu wa miaka 6 ana kifua, ule usiku mmoja tuliolala ndani tukirudi alikohoa mpaka asubuhi, na hapo ndo nikasema hili gari halilaliwi tena mpaka lipone.

Tulilipeleka gereji moja, siitaji na wala sina haja ya kuitaji. Fundi akapanda juu, akaangalia kama dakika 5, akashuka akasema paa linavuja, nipe 6,500. Akanunua silikoni ile nyeupe ya madirisha akapaka kila mahali, kwenye kidirisha, kwenye kila skrubu, kwenye kila kiungo, gari likanuka siki siku nzima. Nilifurahi kwa kweli, nilimshukuru. Wiki 2 baadaye sakafu chini ya sinki imelowa tena, na hata mvua haikuwa imenyesha siku tatu nzima! Hapo nikajua kuna kitu hatujakielewa, manake maji yanatoka wapi na jua linawaka?

Shemeji yangu anavua, ndo aliyeniambia nenda kwa wale wazee wa boti, wao maisha yao yote ni kutafuta maji yanapoingia. Nikaenda.

Fundi mkubwa pale ni mzee wa makamo, asili yake Matondoni kule Lamu, na amekalafati majahazi, yaani kuziba mianya ya mbao yasiingie maji, tangu kijana. Hakupanda juu ya paa. Alikaa kwenye ngazi ya mlango akaanza kuniuliza maswali kama daktari. Umeona maji lini mara ya kwanza, gari lilikuwa limeegeshwa pua juu au pua chini, mvua ilikuwa ya upepo au ya kushuka wima, tangi lilikuwa na maji au tupu. Alafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, "Mwanangu, pampu yalia usiku?"

Nikamwambia ndio ami, inalia mara moja moja, trrr kidogo alafu inanyamaza, nilidhani ndo kawaida yake.

"Na nani yuwafungua bomba usiku?"

Hakuna.

"Basi yale maji yaenda wapi?"

Wallahi nilisimama pale sina la kusema. Hizi pampu za volti 12 zina swichi ya presha, ukifunga bomba presha inapanda inajizima, presha ikishuka inawaka tena. Kama bomba zote zimefungwa na bado inajiwasha, mara nyingi kuna mahali maji yanatoka. Inaweza pia kuwa ni valvu ya ndani ya pampu yenyewe inarudisha maji tangini, lakini hiyo haikulowanishii sakafu. Na sisi kule Mokowe tuliiacha swichi ya pampu imewaka siku zote 4. Tone moja kila sekunde ukilipigia hesabu linafika lita 4 na ushee kwa siku kucha, sasa zidisha mara 4 uone ni maji kiasi gani yalimwagika mle ndani wakati sisi tuko Amu tunakula samaki.

Alafu akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya sinki, akachovya kidole kwenye yale maji yaliyotuama kwenye kona na akakiweka kwenye ulimi. Akatema. "Hii si mvua. Mvua haina chumvi." Na kweli, maji ya kwetu nyumbani ni ya kisima, anayekaa Malindi karibu na bahari anayajua hayo maji, sabuni haitoi povu na sufuria inabaki na ukoko mweupe, na ndio hayo tunayojazia tangi. Akanionyesha kwenye plaiwudi pale ukingoni ambapo maji yalikuwa yamekauka, kuna mstari mweupe mwembamba kama chaki. Nimefagia pale miezi, nimeuona ule mstari mara ngapi, nikadhani ni vumbi la simiti.

Akaenda kule kitandani akabonyeza silingi kwa kidole gumba mpaka likachuruzika tone, akaonja na hilo. Hilo halina chumvi. Akasema gari lina maji mawili, ya ndani na ya nje, na mkiyatafuta pamoja hamtayapata kamwe, lazima moja lifungwe ndo lingine litafutwe. Kwa hilo peke yake mimi ningemlipa. Gereji walitibu nusu ya ugonjwa, na hata hiyo nusu waliitibu vibaya kama ntakavyoeleza.

Bei yake iko hivi na nimeipenda kwa sababu aliisema mwanzo kabisa: kutafuta ni 3,000, upate usipate, na kutengeneza ni hesabu nyingine baada ya kuona. Kuna watu watasema 3,000 ya kuangalia tu ni wizi. Mimi nasema hiyo ndo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote, manake ile 6,500 ya kwanza ilikuwa ya kupaka bila kuangalia.

Maji ya ndani yalichukua asubuhi moja. Vijana wake walikausha kila kitu kwa matambara na feni, wakatandika karatasi za tishu kufuata bomba zote, kila kiungo kikalaliwa na kipande chake. Alafu mzee akamtuma kijana dukani akalete rangi ya chakula, ile nyekundu tunayotilia mabuyu, wakaikoroga kwenye tangi, pampu ikawashwa, tukakaa chini ya mti wa mkungu tukanywa chai. Baada ya kama nusu saa wakaniita nije nione. Karatasi zote nyeupe, moja tu ina doa jekundu kama sarafu ya shilingi 5, pale bomba linapotoka kwenye pampu na kupinda kwenda kwenye sinki. Kiwiko cha plastiki kilikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele. Ukikifuta hukioni, ukisubiri kidogo tone jekundu linavimba polepole, linaning'inia, linaanguka, na lingine linaanza. Nilikaa pale nikahesabu matone kama mtoto.

Sababu yake? Mume wangu alitumia yale mabomba magumu ya kijani ya kuchomelea, ya nyumba. Kwa nyumba ni mazuri sana lakini nyumba haiendi Marafa. Gari linatikisika, pampu nayo inatetema, na bomba gumu halina pa kupeleka ule mtikisiko isipokuwa kwenye kiungo. Wametoa kile kipande chote cha pampuni wakaweka mpira wenye nyuzi ndani, wa kuhimili presha, na kila mwisho umefungwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu, halafu pampu wakaikalisha juu ya kipande cha raba. Sasa hata mlio wake umekuwa mdogo. Mume wangu alikuwepo na hakuona vibaya, aliuliza maswali mengi na mzee akamjibu yote, sio wale mafundi wanaoficha kazi.

Sasa maji ya nje. Hapa ndo nilipoona ufundi wenyewe.

Kwanza tangi likamwagwa lote ili lisichanganye mambo. Alafu wakapiga maji ya mpira kwa nje, na walianzia chini. Madirisha ya chini dakika 10, mtu ndani na tochi, hakuna kitu, wakapanda kidogo, dakika 10 tena, hivo hivo. Nikauliza kwa nini tusianze juu tumalize haraka, akasema ukianza juu maji yatashuka yalowanishe kila kitu na hutajua yaliingilia wapi. Walipofika paani, baada ya dakika kama 7 hivi, tone likatokea pale pale kichwani kwa kitanda. Mimi nikasema haya tumepata, ni hapo juu yake. Mzee akatikisa kichwa. Maji yakishaingia kati ya bati na silingi yanafuata ubao, yanafuata chuma, yanatembea mpaka yapate pa kushukia, kwa hivyo unapoona tone ndo mwisho wa safari yake, mwanzo uko kwingine. Akaleta ile pampu ya feni ya kujazia boti za mpira, wakafunga madirisha yote, matundu wakayaziba kwa tepu, wakapuliza hewa ndani ya gari kwa nguvu kidogo tu, na kijana akapanda juu na ndoo ya maji ya sabuni na brashi. Hewa ikitafuta njia ya kutoka inapita kwenye tundu lile lile ambalo maji yanaingilia, na hapo sabuni inafanya povu.

Nilipanda ngazi nikaona kwa macho yangu. Kona ya mbele kushoto ya kidirisha cha hewa, juu ya ile silikoni mpya nyeupe ya gereji, kulitokea jicho dogo la povu, likapasuka, likatokea lingine, mfululizo, kama kaa anayepumua mchangani. Kutoka pale mpaka kwenye tone la kitandani ni zaidi ya mita moja na nusu! Na sehemu ya pili ni skrubu moja ya keria ya mizigo juu ya paa, imeshika kutu, imekula bati pembeni yake.

Halafu ndo nikaelezwa habari ya silikoni, na hii nawaomba muisome vizuri. Ile inayonuka siki inatoa asidi wakati inakauka, na asidi ile inakula chuma, kwa hivyo kuipaka juu ya skrubu za chuma ni kuzisaidia kutu. Pili, juu ya silikoni hakuna kitu kingine kinachoshika, rangi haishiki, gundi haishiki, hata silikoni mpya haishikani vizuri na ile ya zamani. Kwa hivyo kabla hawajatengeneza chochote ilibidi waibandue yote, kwa patasi ya mbao na kisu na vidole, siku moja na nusu vijana wawili juani. Hiyo ndo ilikuwa sehemu ghali zaidi ya bili yangu. Nilikuwa nawaangalia wanakwangua nikaumia moyo, manake ni kazi ambayo isingekuwepo.

Walichotumia wao ni vitu viwili. Chini ya fremu ya kidirisha ni mkanda wa butili, ule unaonata kama ubani uliotafunwa, ambao haukauki ukawa mgumu. Kwenye viungo vya paa ni Sikaflex 221, gundi ya kuzibia ya Uswisi, ile ya poliyurethani inayokuja kwenye mrija wa mililita 300. Hii nimeisoma pia mwenyewe baadaye manake nilitaka kujua nimelipia nini. Inakaukia kwa unyevu wa hewa, kwa hivyo hapa pwani inakwenda vizuri, ngozi ya juu inashika kwa kama saa moja na ndani inakwenda milimita 3 au 4 kwa siku, ukipaka nene usilitoe gari kesho yake ukadhani imeiva. Inapakika rangi. Ikiwa bado mbichi usiifute kwa spiriti au kitu chenye alkoholi, haitaiva sawasawa. Na haitakiwi kwenye plastiki zinazopasuka kwa urahisi, ndo maana kwenye kile kidirisha waliweka butili tu na hii wakaiacha kwa upande wa bati. Mkinunua madukani angalieni tarehe ya kuisha iliyo kwenye mrija, imekaa dukani kwenye joto la Malindi ikipita tarehe inakuwa ngumu humo humo ndani.

Mzee alinieleza kwa lugha ya kwao ya kalafati na mimi hapo ndo nilielewa kabisa. Mashua unaitia pamba na sifa, yale mafuta ya samaki, kati ya mbao, unagonga, halafu ukiishusha majini ubao unavimba wenyewe unaikaba ile pamba, bahari inakusaidia. Bati halivimbi. Mchana jua linalitanua, usiku linanywea, kila siku ya Mungu, kwa hivyo unachokitia pale lazima kiweze kunyooka na kurudi, kikiwa kigumu kitaachana na bati siku moja na hutajua. Alipokuwa anasema hivo alikuwa anavuta uzi wa Sikaflex iliyoiva kati ya vidole vyake, ikawa ndefu kama raba ya manati, akaiachia ikarudi.

Silingi pale kitandani aliichoma na bisibisi ikaingia kama kwenye mkate wa kumimina, kwa hivyo kipande kile kimekatwa kikawekwa kipya, na ubao wa nyuma yake umeachwa wazi siku 2 na feni ukauke kwanza ndo wafunge. Ubao ukizidi unyevu wa asilimia 20 hivi unaanza kukaribisha uozo, ukiufunga hivo hivo umefungia ugonjwa ndani.

Bili yote: kutafuta 3,000, kubandua silikoni 5,000, mirija 3 ya Sikaflex 3,900, butili 1,200, mpira na klipu 1,450, plaiwudi 1,800, na kazi ya kufunga kila kitu 2,500. Jumla 18,850, nikatuma kwa M-Pesa. Mabaki ya vitu walinirudishia, hata nusu mrija uliobaki waliufunga mdomo wakanipa.

Sasa ile nyota niliyoikata. Niliambiwa siku 2 ikawa siku 5, na siku ya tatu hakuna aliyenipigia kuniambia, nilikuja nikakuta gari limefungwa na vijana wameenda kwenye mashua ya mtu mwingine kwa sababu maji yalikuwa yanakupwa na haikungoja. Naelewa kazi ya bahari, lakini simu moja tu ingetosha. Pili, hakuna kivuli cha kutosha gari kubwa, na wakati wanapaka upande wa kushoto upepo wa kusi ulikuwa unavuma, kwa hivyo nina chembe za mchanga zimeganda kwenye ule mstari, hazivujishi lakini ukipitisha kidole unazisikia. Tatu, hawana kipimo cha unyevu cha kuchomeka ubaoni, wanatumia pua na bisibisi, na nilimwambia mzee kwa heshima kwamba kwa kazi nzuri hivi akinunue, akasema inshallah. Risiti ni ya kuandikwa kwa mkono, kama unataka ya kupeleka bima au ofisini mwambie mapema. Na tangi waambie walisuuze, mimi nilikumbuka mwenyewe, la sivyo ningepika chai nyekundu.

Tangu tulitoe tumekwenda Marafa na kurudi, njia ile ya makorongo, na mvua kubwa zimetupiga mara tatu, moja ya upepo mkali tukiwa tumelala ndani pale Gongoni. Pampu haijalia usiku hata mara moja. Mtoto amelala.

Kile kidirisha cha plastiki chenyewe kimechoka na jua, kina nyufa za juu juu, mzee ameniambia kitafika vuli lakini asingekiamini zaidi ya hapo, kipya nimeagiza Mombasa na kikifika nitakipeleka kwake akifunge. Chini ya sinki nimeacha karatasi ya tishu imekunjwa pale kwenye kona, kila asubuhi kabla ya kuteleka chai naingiza mkono naipapasa. Leo pia ilikuwa kavu.